Gurudumu la Jumamosi

Mume wake alikuwa mwendesha winchi kwenye majengo marefu, na hata baada ya kiharusi kumtoa kazini wenzake waliendelea kumwita Winchi. Mkono wa kulia haukufanya kazi tena, mguu aliuburuta, na kati ya maneno yote aliyowahi kuwa nayo, na alikuwa msemaji hasa, yalimbakia mawili tu: "sawa" na "basi". Chai ikimfaa, sawa. Ikiwa ya moto mno, basi. Siku nyingine hata hayo mawili hayakutoka. Alikaa kwenye kochi ameukodolea macho ukuta, na mkewe, aliyekuwa akishona mapazia chumba cha pili, alisimamisha cherehani mara kwa mara ili asikilize kama bado anapumua.

Daktari alishauri atolewe nje, aone watu. Sokoni alichoka kabla hawajafika kwenye nyanya. Kwa dada yake, watoto walimkimbia. Basi Jumamosi moja, kwa kukosa pa kwenda, mkewe akampeleka kwenye bustani ya michezo iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, ile yenye vigari vya kugongana, farasi wa kuzunguka na gurudumu kubwa linalopandisha watu juu ndani ya vikapu vya chuma. Alidhani watakaa kwenye benchi, wanywe soda, warudi. Winchi alipoliona gurudumu aliinua uso juu, akabaki hivyo, kisha akamshika mkewe kwa mkono wake mzima na kumvuta kuelekea kwenye foleni.

Kule juu alicheka. Mkewe, ambaye huogopa hata kupanda stuli kutundika pazia, alikuwa amefumba macho na kung'ang'ania chuma. Aliposikia kicheko kile, cha tumboni, kile alichokuwa nacho walipooana, alifumbua macho amwangalie. Uso wa mumewe ulikuwa umetulia, upepo unampiga, anatazama mapaa ya mji kama mtu aliyerudi ofisini kwake baada ya likizo ndefu.

Tangu siku hiyo hawakukosa Jumamosi.

Aliyehudumia gurudumu walimwita Nahodha, kwa sababu kabla ya kuliwasha hupaza sauti, "Abiria mmeketi? Tunaondoka!" Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati lake la kazi limepigwa pasi likanyooka. Tangu siku ya kwanza yeye alimwita Winchi kaka, na mkewe akawa shemeji. Alilisimamisha gurudumu kabisa ili Winchi apande bila haraka, na foleni ikianza kunung'unika aliwajibu, "Huyu ndiye rubani wangu mkuu. Asipopanda yeye, leo hapandi mtu." Watu walicheka, wakasubiri.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Njia zilifagiliwa, vyoo vilinukia dawa, na msichana wa tiketi alikuwa akiuliza, "Mzee anaendeleaje leo?" Kisha akaja meneja mpya, na mke wa Winchi, kwa kuwa alikuwa pale kila wiki, akaona vitu vikiondoka kimoja kimoja. Bomba la choo cha wanawake lilimng'okea mkononi. Wiki nyingi baadaye tundu lilikuwa bado limezibwa kwa kitambaa. Wafagiaji walipunguzwa. Msichana wa tiketi hakuonekana tena, mahali pake akakaa kijana anayesukuma tiketi dirishani huku macho yake yako kwenye simu. Farasi mmoja alivunjika kichwa, akavikwa mfuko wa plastiki, na watoto wakaendelea kumpanda hivyo hivyo.

Gurudumu lilipakwa rangi mpya juu ya kutu. Likizunguka lilitoa mlio mkali kila linapofika mahali fulani.

"Shemeji, hiyo sauti ni ya nini?" aliuliza siku moja.

"Grisi tu," Nahodha alijibu. "Nimeshaomba grisi."

"Na fundi wa mitambo? Simwoni siku hizi."

"Ameachishwa. Wanasema wataita mwingine akihitajika." Alishusha sauti. "Sijui kwao kuhitajika ni mpaka kitokee nini."

Viti vya vikapu vilikuwa vimechanika, sponji inachungulia. Hilo mke wa Winchi alijua la kulifanya. Jumamosi iliyofuata alikuja na sindano nene, uzi wa nailoni na vipande vya reksini, ile ngozi bandia ya viti, vilivyobaki kwenye kazi ya mteja, na walipokuwa wakisubiri zamu akashona kiti cha kikapu chao. Wiki nyingine akashona cha pili, kisha cha tatu. Alishona kama anavyoshona vya wateja, pindo limenyooka, uzi haujitokezi. Nahodha alipita akipapasa viti kwa kiganja.

"Shemeji, tukuajiri!"

"Mtanilipa nini, farasi asiye na kichwa?"

Wote watatu walicheka, na yeye alirudi nyumbani siku hiyo amejaa furaha. Ilikuwa muda mrefu hajisikii anafaa mahali pengine zaidi ya kwenye kochi lile na cherehani ile.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo Nahodha, baada ya kuteremsha kile chuma cha kuzuia abiria mapajani, alitoa mfukoni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akakifunga chuma kwenye ubavu wa kikapu. Aliufunga mara kadhaa, akauvuta kuupima.

"Komeo vipi?" mke wa Winchi aliuliza.

"Limekufa. Hili la kwenu na la vikapu viwili vingine. Lakini huu mpira unashika kuliko komeo lenyewe."

"Umemwambia meneja?"

"Nimemwambia mpaka mdomo umeniuma. Anasema nikiona gurudumu halifai, nilifunge." Nahodha alitazama pembeni. "Nikilifunga, nyumbani kwangu tutakula nini? Na kaka je?"

Winchi alikuwa ameshaketi, uso uko juu, anasubiri. Mkewe alimtazama. Akaingia, akaketi pembeni yake, akausukuma ule mpira kwa kidole kuona kama utalegea. Haukulegea. Safari ile hakufungua macho kabisa.

Alijiambia kwamba atalisema. Nyumbani, akiwa mbele ya cherehani, alipanga hata maneno ya kumwambia meneja. Lakini kila Jumamosi Winchi alivaa shati mwenyewe kwa mkono mmoja, akahangaika na vifungo bila kuomba msaada, na mkewe akayaacha maneno yale kwa wiki nyingine.

Siku ilipotokea kulikuwa na jua kali na watu wengi. Wao walikuwa wamefika juu kabisa umeme ulipokatika. Gurudumu lilisimama kwa kishindo, likarudi nyuma kidogo, vikapu vyote vikayumba. Mtu akapiga kelele. Mke wa Winchi alitazama chini kwa mara ya kwanza tangu waanze kupanda, akaona kikapu kilicho mbele yao, chini kidogo, kimeinamia upande mmoja. Ndani yake alikuwamo mama na binti yake mdogo. Mpira ulikuwa umekatika. Kile chuma cha kuzuia kilikuwa kimefunguka, kinaning'inia, na mtoto alikuwa ameteleza mpaka miguu yake inacheza hewani. Mama alikuwa amemshika mkono mmoja tu.

"Mshike!" mke wa Winchi alipiga kelele. "Mama, mshike! Usimwachie!"

Chini, vijana walikuwa wanahangaika na jenereta, wanavuta kamba yake bila mafanikio. Walidhani kelele za juu ni za umeme kukatika tu. Ndipo Winchi akasimama. Kikapu kilitikisika, mkewe akamng'ang'ania kiunoni. Winchi aliinua mkono wake mzima, ngumi imefungwa, na kwa sauti ambayo hakuwa ametoa tangu augue akanguruma, "Basi! Basi! Basi!"

Nahodha alitazama juu. Akaona. Aliwaachia wengine jenereta, akakimbilia mpini wa kuzungushia gurudumu kwa mkono, ambao ulikuwa umeshikwa na kutu, akaulalia kwa uzito wake wote mpaka ukakubali. Gurudumu likaanza kushuka, shubiri kwa shubiri. Yule mama hakulia, hakuita. Alikuwa ameuma mdomo wake mpaka damu inatoka, na aliumaliza mzunguko ule wote akiwa amemshika mwanawe kwa mkono mmoja, mpaka watu wa chini wakampokea mtoto.

Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa ameteguka bega. Winchi na mkewe waliposhushwa, meneja alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka, akigawa soda.

"Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kila aliyekuwa juu atapata tiketi ya bure kwa siku nyingine."

Mke wa Winchi alimwendea yule mama, aliyekuwa ameketi chini na mtoto mapajani, akamnyooshea chupa ya maji.

"Pole sana, dada."

"Hata sijui tulipandaje," yule mama alisema. "Mimi ni mwoga wa vitu hivi. Niliona mpira umefungwa pale, nikataka kushuka. Lakini nikaona kiti kimeshonwa vizuri, kinang'aa, nikasema hawa watu wanatunza. Nikakaa."

Mke wa Winchi alibaki ameishikilia chupa mpaka yule mama akaichukua mwenyewe.

Jumatatu alifunga kazi mapema, akaenda kwenye ofisi inayokagua mitambo. Aliyempokea alimsikiliza bila kumkatiza. Mke wa Winchi alimweleza mlio, kutu iliyofunikwa rangi, makomeo, mpira. Alimweleza pia kwamba viti vile alivishona yeye.

"Kwa hiyo ulijua," yule mkaguzi alisema.

"Nilijua."

"Na ukaendelea kupanda?"

"Mume wangu hucheka akiwa kule juu," alisema, na papo hapo akaona jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo ndani ya ofisi ile.

Wakaguzi walikwenda katikati ya wiki. Gurudumu lilifungwa kwa mnyororo. Meneja aliwaambia kwamba mhudumu ndiye aliyefunga mipira bila ruhusa, kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba ameshachukuliwa hatua. Nahodha alifukuzwa siku hiyo hiyo. Bustani ikaendelea na vigari vyake na farasi wake.

Jumamosi ilipofika Winchi alivaa. Mkewe alijaribu kumweleza, kwa maneno, kwa mikono, kisha akaona heri akajionee mwenyewe. Walikwenda. Winchi alifika kwenye mnyororo, akaushika, akautikisa. Akasubiri. Alidhani labda Nahodha yuko chooni.

"Mzee, hiyo imefungwa!" mhudumu wa vigari alimpigia kelele kutoka mbali. "Haifanyi kazi!"

Alisimama pale mpaka mguu mbovu ukaanza kutetemeka, na mkewe akalazimika kumwondoa kwa kumsukuma taratibu mgongoni. Tangu hapo alirudi kwenye kochi. Chakula alikula. Maneno hakuyatoa.

"Ungenyamaza tu, wifi," dada yake Winchi alisema alipokuja kumtazama. "Alikuwa na furaha moja. Moja tu."

"Na yule mtoto?"

"Yule mtoto ana mama yake."

"Ndiye niliyekuwa namtazama, wifi. Huyo mama yake."

Dada mtu alitikisa kichwa, akaenda kuketi karibu na kaka yake na kumwimbia nyimbo za utotoni mwao, na Winchi akamwacha aimbe.

Nahodha alikuja baada ya miezi. Alibisha hodi kwenye chumba cha kushonea, akiwa amevaa fulana iliyojaa vumbi la saruji. Alikuwa anapakia mizigo ghalani, alisema, kazi ya kutwa. Alimsalimu "habari, mama," si shemeji tena, na lile neno lilimchoma mke wa Winchi kuliko kama angetukanwa.

"Ni wewe uliyekwenda kusema?" aliuliza akiwa bado amesimama.

"Ni mimi."

"Nilijua. Nilitaka tu unitazame uniambie." Alijipangusa uso. "Ungenieleza kwanza."

"Ningekueleza, ungefanya nini?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Ningekuomba usiende."

"Na mimi ningekusikiliza," alisema mke wa Winchi. "Ndiyo maana sikukueleza."

Nje, jirani alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Meneja yule bado yuko?" mke wa Winchi aliuliza.

"Yuko. Amenunua hata farasi mpya." Nahodha alicheka kidogo bila kutaka. Kisha akaketi, bila kukaribishwa, kwenye stuli ya wateja. "Nikifumba macho naona miguu ya yule mtoto. Mpira ule niliufunga kwa mikono hii. Niliupima. Sasa nikitaka kukukasirikia wewe, hasira inachoka njiani kabla haijakufikia."

"Nami naona kiti," mke wa Winchi alisema.

"Kaka yuko?"

"Yuko ndani. Hasemi."

Nahodha aliingia. Kutoka pale kwenye cherehani, mke wa Winchi alimwona ameketi kwenye kochi kando ya Winchi, mabega yao yamegusana, naye hakujaribu kumchekesha wala kumwita rubani. Winchi hakugeuka. Walikaa hivyo muda mrefu, wanaume wawili wanautazama ukuta mmoja. Mwishowe Nahodha alisimama, akamwekea Winchi mkono begani, akatoka.

"Utakuja tena?" mke wa Winchi alimuuliza mlangoni.

"Sijui. Kwa kweli sijui." Aliangalia kitambaa kilichotandazwa mezani, cha buluu, cha mteja aliyekuwa akikisubiri jioni ile. "Umepoteza mstari pale."

Mke wa Winchi aliangalia. Kweli, mshono ulikuwa umekwenda kombo karibu nusu ya pazia. Nahodha alipokwisha kuondoka, yeye alikaa chini, akachukua wembe, akaanza kuufumua.