Jina la Juu Kwenye Fomu ya Kijani

Lori la kwanza lilikuwa limeshatoka getini, la pili linalifuata, pale mke wa fundi redio wa kikosi alipokuja mbio na kandambili akasimama mbele ya langu. Nilikanyaga breki mpaka askari kule nyuma wakaangukiana.

"Mama, unataka kufa?"

"Mshushe mume wangu. Dakika moja tu."

Mimi nilikuwa raia, dereva wa kukodiwa. Nimebeba saruji, nimebeba ng'ombe, mwaka ule nikabeba wanajeshi. Sikuwa na mamlaka ya kumshusha mtu. Ila fundi redio alikuwa ameshajirusha chini mwenyewe, bunduki begani.

Wenzake hawakumwacha. "Shemeji, kaacha vyombo hajaosha nini?"

"Mrudishe tu, anakoroma huyo!"

Mke hakucheka. "Kaka yako amenipigia," alisema. "Ofisini wamehakiki namba yake asubuhi hii. Ukipatwa na jambo, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Yeye, siyo mimi."

Kila askari anayekwenda mstari wa mbele hujaza fomu ya kijani. Mstari wa juu ni wa mtu mmoja tu, yule atakayegongewa mlango. Nadhani waliooa kule nyuma walikuwa wanajaribu kukumbuka waliandika nini.

"Tutaongea nikirudi."

"Na usiporudi?"

Sajenti, tuliyemwita Kengele kwa sauti yake, akaja huku anatazama saa. "Nawapa dakika tatu. Msafara ukituacha, njia ile hatupiti peke yetu. Tutajibu wote kwa kamanda."

"Juzi tu tumekaa kwenye semina ya wanandoa," mke aliendelea, kama hakumsikia. "Umenishika mkono mbele ya watu, unasema hunifichi kitu. Fomu ulikuwa umeshajaza?"

"Nilishajaza."

"Basi mimi ni nani kwako? Sema, nikifika ndani nifungashe."

Fundi redio alishusha sauti, lakini dirisha langu lilikuwa wazi. "Ulinisimulia siku ya msiba wa baba yako. Wanajeshi wawili mlangoni, viatu vinang'aa, wewe unamenya viazi. Mpaka leo viatu kama vile vikipita nje unaacha unachofanya. Nikaona bora kaka akwambie, umekaa, taratibu."

"Ukaniamulia."

"Nilikuhurumia."

"Mtaa mzima ungejua, mimi niko jikoni naonewa huruma." Sauti yake ilikuwa imenyooka. "Mlango ni wangu, wee bwana. Nitaufungua mwenyewe."

"Dakika moja," alisema Kengele.

Fomu zote zilikuwa kwenye sanduku la chuma, na sanduku lilikuwa mapajani mwa karani, aliyekaa kando yangu.

"Limeshafungwa," karani alisema kabla hajaulizwa. "Utaratibu—"

Lori la nne na la tano nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Kengele alimtazama yule mwanamke, akatazama njia iliyobaki vumbi tupu.

"Fungua. Nitasaini mimi."

Fundi redio aliweka fomu juu ya boneti yangu, ikamuunguza mkono, akakata jina la kaka yake na kuandika la mkewe kwa herufi kubwa. Mke alisoma herufi moja moja. Hakumkumbatia. Alimfunga kifungo cha mfuko wa shati, akasema, "Panda, umechelewesha watu."

"Karani," Kengele aliita, safari hii kwa sauti ndogo. "Na yangu itoe."

Tulitoka tumechelewa dakika tisa. Tuliwakuta wenzetu darajani.

Mwezi wa tano waligonga, wawili, viatu vinang'aa. Mke aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni hospitali gani, kisha akampigia shemeji yake. Fundi redio alirudi bila kusikia sikio la kushoto. Walikaa mwaka mzima wakigombana kuhusu mambo madogo, na hawakuachana. Sasa wana duka la kutengeneza redio, yeye anatengeneza, mke ndiye anayesikiliza kama zimepona. Kaka mtu hakuwahi kuelewa kosa lake lilikuwa nini. Karani alipewa onyo kwa kufungua sanduku. Kengele hakurudi. Jina la juu kwenye fomu yake lilikuwa la mama yake, aliyekwishafariki miaka miwili nyuma. Siku ile alilikata akaandika la mkewe, na mkewe ndiye aliyegongewa. Mimi niliacha lile lori, nikaanza kubeba vitunguu.