Bawa la Boksi

Gari liliingia gereji saa nne asubuhi, tumbo karibu liguse sakafu, kazi zote zikasimama. Lilikuwa chini kiasi kwamba kuku angelivuka kwa hatua moja.

Mama Msasa, fundi wa bodi, aliweka nyundo chini akalizunguka mara tatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha magari yaliyobondeka, lakini bati kama lile hakuwahi kuligusa. Injini ilikaa nyuma, na kifuniko chake kilikuwa kimefuliwa kwa mkono. Akipitisha kiganja aliisikia nyundo ya fundi mwenzake, mtu wa mbali asiyemjua. Alitamani kumwamkia.

Mwenye gari, hata hivyo, Mama Msasa alimjua vizuri. Ndiye tajiri wa magodoro. Mwaka alioolewa, huohuo alioanza ufundi, Mama Msasa alinunua godoro lake. Likabonyea kabla ya mwezi wa tatu, na alipolirudisha akaambiwa analala vibaya. Watu wa aina hiyo hutegemea wengine tusahau. Yeye hakusahau.

"Nataka bawa hapa nyuma," tajiri alisema. "Kubwa, la dhahabu. Na taa za mbele ziwekwe kope."

"Kope?"

"Si ni macho hayo, dada? Halafu honi ilie kama ng'ombe."

"Ng'ombe mmoja, bosi, au zizi zima?" aliuliza shemeji yake Mama Msasa, mdogo wa mumewe na mbia wake pale gereji. Mapambo ndiyo kazi yake, na macho yalishaanza kumwaka.

"Zizi!"

Tajiri alipokwenda kusubiri kwenye mgahawa wa jirani, gereji ililipuka kwa mabishano.

"Kope sawa, za kubandika," alisema Mama Msasa. "Ng'ombe sawa, atalia atanyamaza. Lakini bawa linataka matundu sita kwenye kifuniko hiki. Siku kikitobolewa hapa, mimi natundika nyundo. Mtanitafuta kwa tochi."

Hakuna aliyecheka. Walijua hatanii.

"Shem, gari ni lake," shemeji alimsihi.

"Hata kichwa chako ni chako. Mbona hujakitoboa?"

"Wewe mbona umetoboa pua?" alidakia fundi viti, mdomo umejaa sindano.

"Pua yangu haikufuliwa na mtu!"

Wakacheka mpaka sindano mbili zikaanguka. Mwishowe wakarudi kwenye desturi yao: kabla ya kutoboa gari lolote, pambo hutengenezwa kwanza kwa boksi, hubandikwa kwa selotepu pana, na mwenyewe huzunguka mtaa mara moja watu wakimtazama. Aibu ikimshika, pambo linatupwa. Desturi hiyo ilishaokoa teksi iliyotaka meno ya mamba.

"Hilo boksi nalikata mimi," alisema Mama Msasa, na tabasamu lake halikuwa la heri.

Alikusudia kufanya kitu kibaya kuliko vyote. Alikata bawa pana kama mlango, lenye mawimbi ukingoni, na kila ncha kichwa cha tai aliyetoa ulimi. Shida ilianza kwenye viungo. Mkono wake haukujua kulipua kazi. Akaziba maungio, akapiga msasa, akapuliza dhahabu, kisha vanishi, kisha vanishi tena. Saa tisa fundi viti alikuja akaligonga kwa ukucha, akashangaa halilii kama bati.

"Shem," shemeji alinong'ona, machozi ya kicheko yakimtoka, "umejimaliza mwenyewe."

Tajiri alirudi, akaona, akashika kichwa. "Mmeshamaliza? Na sikusikia hata drili!" Akampigia mama yake simu kumtambia. Akaingia, akawasha, na kabla mtu hajamwambia neno alishatoka. Hakuzunguka mtaa. Alishika barabara kuu.

Walimkimbilia wote, Mama Msasa mbele, aproni ikipepea. Walifika kona wakati tajiri anakanyaga mafuta. Selotepu ikalia. Bawa likainuka taratibu, likajigeuza, kisha tai wawili wakapaa na ndimi zao, wakavuka ukuta wa benki huku mlinzi akiwapigia saluti bila kujua. Wakatua kwenye majani ya mzunguko wa magari. Barabara nzima ikashangilia.

Tajiri alishuka. Mama Msasa akajiandaa kwa matusi. Alikuwa na yake pia, ya miaka mingi.

"Limeruka!" tajiri alipiga kelele, akicheka hadi akakaa chini kwenye lami. "Mmeliona? Nani mwingine ana gari linalorusha bawa? Mmelitengeneza kwa kitu gani?"

Shemeji alifungua mdomo kuomba radhi. Mama Msasa akamwahi.

"Boksi. La bati haliruki. Ukitaka, nitakutengenezea jipya kila sherehe, ulirushie uwanjani, si barabarani. Lakini kifuniko changu hakitobolewi."

"Chako?"

"Changu."

Tajiri alimtazama, akatazama gari, akatazama tai kwenye majani. "Haya, hakitobolewi," alisema. "Ila Jumamosi binti yangu anaolewa. Unaweza tausi?"

Mama Msasa alivuta pumzi ampe maneno yake yote ya miaka kumi na tisa.

"Mkia umefungwa," alijisikia akiuliza, "au umechanua?"