Yai Lililolala Lindoni

Miaka mitatu sasa Persida alikuwa hasemi na Mungu. Alikuwa anasema na yai.

Yai lenyewe lilikuwa jekundu, limekaa ndani ya kisahani cha udongo chini ya picha ya Mtakatifu Nikola, ukutani upande wa macheo. Lilikuwa yai la kwanza kutoka sufuriani Ijumaa Kuu ya mwaka ule, na yai la kwanza haliliwi. Linawekwa lilinde nyumba mwaka mzima, mpaka Pasaka nyingine ilete jekundu jingine. Hapo la zamani linafukiwa shambani, kazi yake imekwisha. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Ila mwaka ule aliyelitoa sufuriani alikuwa mumewe, Tihomir, mtu ambaye kwa kawaida alifukuzwa jikoni kama paka. Aliungua vidole, akalirusha kutoka mkono huu kwenda ule, akalitua kisahanini na kulipigia saluti. "Haya, askari. Macho!"

Majani yalipoanza kupukutika, wakati wa kuvuna matunda ya plamu, Tihomir aliketi chini ya mti apumzike kidogo. Hakuinuka tena.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Siku Persida alipobaki peke yake na nyumba, alisimama mbele ya kisahani, mikono kiunoni.

"Wewe. Uliwekwa hapa ulinde. Ulikuwa wapi?"

Yai kimya.

"Basi utakaa hapo hapo mpaka unijibu. Likizo huna."

Tangu hapo hakupaka mayai rangi. Bila jipya kuingia, la zamani haliwezi kutoka lindoni, na yeye hakutaka litoke. Maganda ya vitunguu, ambayo wanawake wa kijiji huyaweka akiba majira yote ya baridi ili wachemshie mayai yawe mekundu, yeye aliyatia motoni papo hapo. Taa ndogo ya mafuta mbele ya mtakatifu ilikauka utambi. Kanisani hakukanyaga. Kengele zikilia, anaongeza sauti ya redio.

Kosara, dada yake Tihomir, anayekaa nyumba ya pili, alikuwa haishi kumjia juu.

"Wifi, na mimi nilifiwa. Yule alikuwa kaka yangu."

"Najua."

"Mbona mimi kanisani nakwenda?"

"Wewe unakwenda kuangalia nani kavaa nini."

"Na hilo lina ubaya gani?"

Persida hakucheka. Zamani angecheka.

Mwaka huu theluji ilikawia kuondoka. Ilikaa mpaka watu wakaichoka, kisha ikayeyuka kwa mkupuo, barabara ikawa tope, na wiki ile ile miplamu ikachanua yote kwa pamoja, kilima kizima cheupe tena kana kwamba theluji imerudi kuchukua kitu ilichosahau. Binti yake Persida, Milena, ambaye ni nesi mjini, alipiga simu kwamba Pasaka atakuwa zamu, basi anamleta mtoto. Ndivyo Neda alivyoshuka kwenye basi la mchana na mkoba wake mgongoni, ana umri wa miaka saba, jino moja la mbele hana.

Ijumaa Kuu kengele hazilii. Kanisani wanagonga ubao tu, ko, ko, ko, na ukiusikia unajua ni siku gani hata kama umelala. Kila ua ulinukia siki na maganda ya vitunguu yanayochemka. Neda alitoka nje, akanusa, akarudi ndani.

"Bibi, sisi tunapaka lini?"

"Sisi hatupaki."

"Kwa nini?"

"Mlinzi tunaye."

Neda akapanda kiti, akalitazama yai. Rangi yake ilikuwa imefifia, na juu yake vumbi. "Huyu kazeeka."

"Yuko kwenye adhabu."

"Kafanya nini?"

Persida alikuwa anakanda mkate. Akakanda kwa nguvu zaidi. "Alilala lindoni. Babu yako akachukuliwa."

Neda akafikiri. Akifikiri huinamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia kitu. "Lakini ni yai tu, Bibi. Ni dogo."

"Nenda kalishe kuku."

Mtoto akaenda. Persida akabaki na donge la unga mikononi, na neno lile likakaa kichwani mwake siku nzima kama chembe ya mchanga kwenye kiatu. Ni dogo. Sasa nani aliyesema ni kubwa?

Jumapili asubuhi Kosara alikuja kumchukua mtoto, amejifunga kitambaa chake kipya cha buluu, kikapu cha mayai mkononi.

"Na wewe?" akamuuliza Persida, kama anavyouliza kila mwaka.

"Mimi nina supu."

"Supu haikimbii."

"Na kanisa halikimbii. Nendeni."

Kosara akamnyooshea Neda yai moja kubwa, jekundu, linang'aa kwa mafuta ya nyama. "Shika, binti, ukagonganishe na wenzako."

"Ninalo langu," akasema Neda, mkono umezama mfukoni mwa koti.

Kosara akamtupia wifi yake jicho la mshangao, na furaha kidogo. Persida hakuliona jicho hilo. Alikuwa anatafuta chumvi.

Waliondoka. Supu ilianza kuchemka, ikatoa povu, akaliengua. Akainua macho tu, kama anavyoinua kila siku, kuliambia yai neno lake la asubuhi. Kisahani kilikuwa kitupu. Katikati palibaki duara safi lisilo na vumbi.

Alitoka vile vile, na aproni yake, na ndara za ndani. Mbwa wa Kosara alimbwekea, kisha akamtambua, akaona aibu.

Uani mwa kanisa palikuwa pamejaa. Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa kwenye mchezo wa kugonganisha mayai: mmoja anashika lake ngumini, ncha nje, mwingine anasema maneno ya Pasaka, anajibiwa, anapiga. Linalovunjika linachukuliwa na mshindi. Bila yale maneno hakuna anayepiga, hata mlevi analijua hilo.

Katikati ya watu alisimama Neda, amekunja sketi yake ikawa mfuko, na mfuko umejaa mayai yaliyovunjika. Mbele yake alikuwa Mzee Vitomir, bingwa wa kijiji. Mtu huyu wiki nzima kabla ya Pasaka huzunguka kwenye mabanda ya kuku akijaribu mayai kwa kuyagonga kwenye meno, apate lenye ganda gumu. Lake lilikuwa limepasuka vipande viwili mkononi mwake. Alikuwa amelichukua lile la Neda na kulitikisa sikioni.

"Sikieni! Linacheza ndani! Ko, ko, ko, kama ubao. Hili ni la mbao!"

"Acha, Vitomir, ni mtoto," mtu akasema.

"Mtoto leo, kesho je? Mnamkumbuka yule wa kijiji cha ng'ambo aliyekuja kutudanganya na yai la mbao? Amezeeka sasa, ana wajukuu, na bado anaitwa Mbao. Na wajukuu wanaitwa wa Mbao! Wewe binti, hili umelitoa nyumba gani?"

"Kwa bibi Persida." Neda alikumbatia sketi yake ya mayai.

"Aha! Nyumba ile haijapaka yai miaka mitatu. Limetoka wapi, kama si dukani?"

"Si la mbao! Ni askari wetu!"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini mtoto akichekwa hajui tofauti.

Persida alikuwa ameshapita lango. Alikuja kujua kwamba amelipita pale tu miguu yake ilipohisi changarawe kupitia soli za ndara. Watu wakampisha. Padri Gavrilo, kijana bado, alikuwa na makombo ya kiini cha yai kwenye ndevu. Akayafuta haraka.

"Vitomir," akasema Persida. "Lete."

Mzee akampa. "Persida, mimi sina ugomvi na wewe. Kama si la mbao, livunje tuone. Kama ni la mbao, lirudishe nyumbani na mtoto arudishe mayai ya watu."

Yai lilikuwa kiganjani mwake. Miaka mitatu hakuwa ameligusa, hata kulifuta vumbi. Alidhani lingekuwa zito, kwa jinsi alivyolitukana. Lilikuwa jepesi kama ganda la njugu. Vidole vya Tihomir ndivyo vya mwisho kulishika. Kulirudisha kisahanini ilikuwa rahisi, hatua chache tu hadi langoni, na hakuna ambaye angemzuia. Ila mtoto huyu angekuja kijijini mwaka hadi mwaka, akue, aolewe, na watu wangesema, nani yule? Si yule wa Mbao?

Neda alimwangalia. Hakuomba kitu. Machozi yalikuwa yamefika ukingoni, yamesimama.

"Si lazima, mama," akasema padri polepole.

"Kwako si lazima, Baba."

Kosara akajipenyeza mbele, kitambaa cha buluu kimeenda upande. Akatoa yai kikapuni, akalizungushia ngumi, ncha nje. "Piga kwangu, wifi."

Persida akainua mkono. Mkono ukasimama hewani, kwa sababu ya yale maneno.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala lililofungwa muda mrefu, unasukuma na unajua kwamba ndani kuna vitu vyako, lakini bawaba zimeshika kutu.

"Anaogopa," Vitomir akaanza.

"Nyamaza wewe, hujaulizwa," akasema Kosara bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwa wifi yake, na yalikuwa macho ya Tihomir yale yale, ya kijivu, na kope fupi. Persida hakuwa ameyatazama vizuri tangu mazishi.

"Kristo amefufuka," akasema Persida. Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba mvua imeanza.

"Kweli amefufuka," akajibu Kosara, na kwa kuwa hakuna Mkristo wa kijiji kile anayeweza kusikia maneno hayo akakaa kimya, ua mzima ukajibu pamoja naye, watoto, wazee, na Vitomir mwenyewe.

Akapiga.

Waliokuwa karibu walishaziba pua. Yai la miaka mitatu, kila mtu alijua litanuka nini. Vitomir alikuwa amerudi nyuma kuliko wote. Lakini hakukuwa na harufu. Ganda lilifunguka kwa sauti ndogo, na ndani hamkuwa na kitu ila kitone kimoja kigumu, rangi ya asali, kinapitisha mwanga. Kiini kilikuwa kimejikausha chenyewe huko gizani mpaka kikawa hivyo.

"Bibi," akanong'ona Neda. "Ni ushanga."

Persida akakigeuza juani. Kwanza bega lake lilitikisika, Kosara akadhani analia, akamkamata mkono. Kumbe anacheka. Kisha alikuwa anafanya yote mawili na hakujali nani anaona.

"Miaka mitatu," akasema, "nimekifokea hiki."

Vitomir akavua kofia. "Haya. Si la mbao."

"Sema vizuri," akasema Kosara.

"Nisamehe, bingwa," mzee akamwambia Neda, akampa mkono kama anavyowapa wanaume. Neda akaupokea, na sketi ikaachia, mayai yakabingirika kila upande, na watoto wote wakaingia chini ya miguu ya watu kuyaokota. Padri akaokota moja, akalimenya, akalitia chumvi, akampa Persida. Alilila pale pale, amesimama, na aproni yake.

Walikifukia kitone na maganda yake chini ya mplamu wa Tihomir, wao watatu. Maua yalikuwa yanadondoka, yanaingia hadi shimoni.

"Litaota?" akauliza Neda.

"Fukia kwanza."

Ndani, Neda akapanda tena kiti. "Sasa nani atalinda?"

"Chukua langu moja," akasema Kosara.

"La kwanza lako liko kwako. Yaliyobaki ni chakula tu," akasema Persida. Akatafuta mafuta, akabadilisha utambi wa taa. Kibiriti kilikataa mara kadhaa, kisha kikashika. Akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni, kama alivyozoea.

"Mwaka huu sina wa kukusaidia," akasema, na safari hii hakuwa anaongea na kisahani, wala na Nikola. "Linda mwenyewe." Akawaza kidogo. "Sijasema yamekwisha. Tuna mengi mimi na wewe. Nimesema linda."

Kosara akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Supu ilikuwa imekauka nusu. Ikabidi kuongeza maji na vitunguu. Persida akaketi, akamenya cha kwanza, na mkono wake, kwa mazoea, ukayapeleka maganda kwenye mlango wa jiko. Moto ukalamba ganda moja. Akaurudisha mkono. Akavuta mfuko wa zamani wa unga kutoka nyuma ya mlango, akaukung'uta, akayatia yaliyobaki ndani.

"Ijumaa Kuu bado mwaka mzima, wifi," akasema Kosara.

"Kalenda naijua. Chukua kisu umenye."