Mwenye Nyumba Huamkiwa Kwanza

Kwa miaka thelathini na sita, kazi ya Fundi katika maombi ilikuwa moja tu: kusema amina. Kuomba aliomba mkewe. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya redio, kabla hata ya pazia kufunguliwa, mama yule alipiga magoti upande wake wa kitanda, na Fundi naye akapiga magoti upande wa pili, usingizi umemjaa machoni, akingoja zamu yake ifike. Siku nyingine alisinzia, amina ikachelewa, mkewe akairudia sentensi ya mwisho kwa sauti ya juu mpaka mumewe akashtuka.

"Saa za watu zinaningoja dukani, mama," Fundi alilalamika siku moja. "Kwani Mungu hawezi kungoja ninywe chai?"

"Mwenye nyumba huamkiwa kwanza," mkewe alimjibu. "Ukishawaamkia watu wote ndipo umkumbuke yeye, umemfanya mpangaji."

Sasa mkewe alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini, na upande ule wa kitanda shuka halikukunjika tena. Fundi alijaribu kuomba peke yake. Alipiga magoti, akasema, "Bwana," akakwama hapo hapo. Kila neno lililomjia lilikuwa la marehemu, na kulitumia aliona ni kama kuvaa gauni lake. Akainuka, akafungua pazia, akaenda zake kazini.

Duka lake la kutengeneza saa lilikuwa chumba chembamba kati ya mpiga picha na muuza vyombo. Ndani mlikuwa na meza, taa ya kuinamisha, vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na ukutani saa kumi na mbili ambazo hazijawahi kukubaliana. Humo ndimo alimotambua kwamba mambo si mambo. Skrubu zilianza kumpotea. Kwanza alilaumu taa, kisha kioo cha kukuzia anachobana jichoni, kisha wanaotengeneza skrubu, kwamba siku hizi wanazifanya ndogo makusudi. Siku alipomaliza kuifunga saa ya mwalimu mmoja, akakuta gurudumu moja limebaki mezani halina kwao, alifunga mlango akaenda hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mama asiye na maneno mengi.

"Presha ya macho imekula jicho la kushoto, mzee. Hilo limekwenda. La kulia tutalifanyia upasuaji Alhamisi, tujaribu kunusuru lililobaki."

"Nitaona saa?"

"Iliyo ukutani, labda. Ya kufungua na kutengeneza, siwezi kukuahidi. Una mtu wa kukaa naye nyumbani?"

"Nakaa na mimi," Fundi alisema.

Jioni hiyo binti yake wa pekee, anayeishi na mumewe nchi ya mbali, alipiga simu. "Baba, funga duka uje kwetu."

"Nikifunga duka nitakuwa nani?"

"Umemweleza Mungu?" binti aliuliza.

"Mama yako ndiye aliyekuwa na namba yake."

Binti akacheka, kicheko kikageuka kilio, na Fundi akaishika simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe.

Alhamisi asubuhi wodini, kitanda cha jirani kilikuwa kinatikisika. Juu yake alilala dereva wa lori, pande la mtu, ambaye wauguzi walimwita Bonge naye akaitikia. Kipande cha chuma kilikuwa kimemrukia jichoni, naye pia alingoja upasuaji.

"Shikamoo mzee. Wewe ni mtu wa kanisani?"

"Marahaba. Ni wa benchi la nyuma."

"Hata wa nyuma yumo ndani. Niombee. Nimeshuka milima breki zimekata, sikuogopa hivi."

Fundi alitazama huku na huku akimtafuta wa kumsukumia kazi hiyo. Muuguzi alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Basi akanyoosha mkono, akaupapasa mkono mzito wa Bonge, akaushika.

"Bwana," alisema, akakwama kama kawaida. Lakini mkono ule ulikuwa umemng'ang'ania, hakuweza kuuacha. "Bwana, ni mimi Fundi. Mume wa yule aliyekuwa anakuja kila asubuhi. Kuomba sijui. Huyu anaogopa, na mimi naogopa. Nimekuwa nataka jicho tu, ili kesho iwe kama jana, na wewe sikukuamkia. Leo naanza na wewe. Likipona, wewe ni Mungu. Lisipopona, wewe ni Mungu. Ila ningependa lipone. Usituache peke yetu mle ndani. Basi."

Hakujua pa kumalizia.

"Amina," Bonge alisema, machozi yakimtiririka kwenye jicho zima. Fundi alishtuka. Hakuwahi kuisikia amina ikitoka upande wa pili.

Bonge alipona. Jumamosi ndugu zake walikuja kumchukua, wodi nzima ikajaa kelele, akaapa kwamba atamtembelea Fundi dukani. Hakuja. Fundi alipofunguliwa bandeji aliona dirisha, akaona koti la daktari, lakini kila kitu kidogo kilikuwa kama kiko chini ya maji. Daktari alimwambia kuona kwake kutaishia hapo. Alirudi nyumbani kwa miguu, mkono mmoja ukutani. Maziwa yalikuwa yameganda jikoni. Alikaa kitini na begi lake mapajani, kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia alitue.

Wiki iliyofuata alirudisha saa za watu. Mwalimu alipokea yake ikiwa kwenye bahasha, imefunguliwa tena, vipande vipande. "Pole, Fundi," alisema.

Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, Fundi alipiga magoti. Aliuliza: niende kwa mwanangu au nibaki? Hakupata sauti wala ndoto. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa kimya vile vile. Hata hivyo hakuacha, na akashangaa kwamba sasa anaweza kuukalia ukimya ule bila kukimbilia pazia.

Binti alipopiga tena, Fundi hakungoja aulizwe. "Nitakuja."

"Mungu amekujibu?"

"Hajasema kitu. Ila nimekaa naye siku tisa sijui niende wapi, na hakuniacha. Nadhani hata huko kwenu naweza kukaa naye bila kujua."

Binti alisema atakuja mwenyewe kumchukua mwezi ujao. Fundi akakata simu. Akasugua chungu cha uji alichokiunguza asubuhi, akaanza kukunja nguo alizoweza kuzitambua kwa vidole, akazipanga kitandani moja baada ya nyingine, taratibu, mvua ikianza kunyesha barabarani na watu wakikimbilia makwao.