Bosi Aliyeacha Kufoka

Bosi wetu alirudi kutoka mafunzo ya uongozi akiwa mpole, nasi tukaingiwa na hofu.

Niseme wazi kwamba sisi si watu wa kutishwa ovyo. Kliniki yetu ni ya afya ya akili. Mtu akiingia anaongea na ukuta, dada wa mapokezi humwuliza tu kama ukuta nao una miadi. Lakini upole wa Radi ulitushinda. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, maana akifoka chumba cha sindano, wa kule dirisha la dawa walijua nani kaharibu. Mwaka mzima uliopita alifoka asubuhi, akafoka mchana, na jioni akamalizia kwenye simu. Tulizoea. Mtu akizoea mvua hutembea tu, haulizi inatoka wapi.

Kilichomfokesha zaidi ni mwongozo. Ni kitabu kinene cha tiba zilizothibitishwa kwa utafiti. Tuliletewa kikiwa kipya, tukaona kinafaa sana kuzuia mlango wa chumba cha ushauri usijifunge. Humo imeandikwa kwamba mgonjwa aliyekata tamaa aulizwe wazi, kwa neno lenyewe, kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Na akijibu "hapana" upesi upesi, usikimbie. Kaa naye, uliza tena taratibu. Mimi ni muuguzi wa siku nyingi. Nimetapikiwa, nimetukanwa, na bibi mmoja mwenye mkono mzito alishanizaba kibao. Lakini neno lile lilinikwama kooni kila mara. Niliuliza, "Unalala vizuri?" nikaona nimemaliza kazi.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Wakuu wa kliniki zote wakaitwa mafunzoni, wafundishwe namna ya kuongoza watu ili miongozo itoke milangoni iingie kazini. Radi akaondoka anafoka, hata dereva alipata sehemu yake.

Jumatatu aliyorudi alinikuta korido. "Mdogo wangu," akasema, "unahitaji nini kutoka kwangu ili kazi yako iwe rahisi?"

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Sihitaji kitu, bosi," nikajibu, nikaondoka upesi kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Mdogo wangu! Siku zote nilikuwa "wewe", na siku mbaya "wewe hapo".

Kesho yake alimshukuru dada wa mapokezi kwa kumpigia simu mgonjwa aliyekosa miadi. Alimshukuru mbele ya watu, kwa maneno yaliyonyooka. Dada wa watu akajifungia chooni, akatoka macho mekundu. "Ananifukuza kazi," alisema. "Kwa nini mtu akusifu kama hakufukuzi?" Halafu kile kiti kikubwa cha ngozi cha ofisini, ambacho hata mganga mkuu hakuthubutu kukikalia, tukakikuta chumba cha kusubiria, kimekaliwa na mzee anayesinzia. Radi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, ameridhika.

Tukakutana stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Mshauri wetu, tunayemwita Kamusi kwa kuwa hakosi neno, alifungua kikao. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema. Kwa maoni yake ile ilikuwa furaha iliyopitiliza, ile ya ugonjwa, na muda si mrefu Radi angeanza kununua magari. Dada wa mapokezi alisema ni mapenzi, bosi amepata mtu. "Akili ni nywele," nikawaambia, "kila mtu ana zake. Mwacheni mwenzenu." Tukacheka, lakini kila mtu alitoka mle na wasiwasi wake. Mimi sikuelewa kichwa wala miguu, na kutoelewa huwa kunanikera kuliko kufokewa.

Alhamisi Radi akaniita. Akaniwekea kiganjani funguo za kabati la dawa, funguo ambazo hazijawahi kutoka shingoni mwake. "Kuanzia leo zikae kwako," akasema. "Na asante kwa yote uliyobeba humu ndani." Akatabasamu.

Nilirudi stoo, nikawaita wenzangu. Kamusi alizitazama zile funguo na mzaha ukamwishia. "Anagawa vitu vyake," alisema polepole. "Anashukuru kila mtu. Ametulia ghafla." Hakuna anayefanya kazi yetu asiyejua mambo hayo matatu yakikutana yanaweza kuwa na maana gani. Dada wa mapokezi akaanza kulia.

"Lazima aulizwe," alisema Kamusi.

"Uliza wewe, si wewe ndiye mshauri?" nikamwambia.

"Funguo kakupa wewe."

Nilimchukia pale pale. Lakini nilimwogopea Radi zaidi. Niliona kesho tunaingia na ile ofisi imefungwa, na mimi nimesimama na funguo zake mkononi.

Nikabisha hodi. Alikuwa anakunywa chai.

"Bosi," nikasema, "unalala vizuri?"

"Nalala."

Nikajikasirikia mpaka masikio yakawa ya moto. Nikavuta pumzi. "Unafikiria kujiua?"

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Radi aliweka kikombe chini. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani kakutuma?"

"Umetoa kiti," nikasema. "Umetoa funguo. Unatushukuru!"

"Ni mafunzo, mdogo wangu! Walituambia tugawe madaraka, tuache kukaa juu ya watu, na mtu akifanya vizuri aambiwe. Mimi nimefanya mazoezi ya kushukuru mbele ya kioo, mpaka mwanangu akaniuliza naongea na nani."

Aibu ilinishika nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe kila dalili tuliyoihesabu ilikuwa kazi ya nyumbani aliyopewa. Nikainuka, nikashika kitasa.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Mwongozo unasemaje kuhusu jibu la kwanza?"

Sauti yake haikuwa ya kufoka, wala haikuwa ya mzaha tena. Sikujua kama huyu ni bosi anayekagua kazi yangu au ni mtu aliyenishika nguo nisiondoke. Kweli sikujua. Nikarudi nikakaa. Nikamwuliza tena, safari hii taratibu, nikimtazama.

Alisogeza kikombe pembeni.

"Sasa hivi, hapana," akasema. "Mwaka jana, ndiyo. Tangu nimzike mume wangu. Zile siku zote mlizosikia nafoka."

Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, vyote kwa pamoja. Tulikuwa tumekesha na upole wake kana kwamba ndio ugonjwa.

"Na umeponaje?"

"Bado napona. Kule mafunzoni tulipangwa wawili wawili, mmoja auguze, mwenzake aigize mgonjwa. Mama mmoja tusiyejuana naye akaniuliza lile swali, na mimi nikashindwa kuigiza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na bado nakwenda kila wiki."

Nikauliza linalofuata kwenye mwongozo, maana sikuwa na lingine. "Nani mwingine anajua?"

"Yule mama, na daktari."

"Na hapa kazini?"

Radi alivaa miwani yake, akanitazama bila hasira yoyote. "Hapa kazini," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuuliza."