Mstari wa Utafiti

Jukwaa lilikamilika mwezi wa nne. Lina ngazi saba za zege, paa la bati la bluu, na kibao kinachosema limejengwa kwa fedha za mgodi kwa maendeleo ya wananchi. Timu ya kijiji chetu haijawahi kupata watazamaji hamsini, ukihesabu na mbuzi wanaokatiza uwanjani. Ninalipita kila asubuhi nikienda zahanati, na kila asubuhi namung'unya maneno ambayo mtumishi wa serikali hatakiwi kuyasema. Nawatukana waliolichagua, halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewasaidia.

Naitwa Euphrasia, nesi. Nina miaka kumi na tisa kwenye zahanati hii, nusu saa kwa pikipiki kutoka Rwamgasa. Wanaume wa hapa wanaingia mashimoni, wanawake wanafanya kazi mwaloni. Mwalo wetu si wa samaki. Ni pale penye mabwawa ya maji machafu na mbao zilizotandikwa magunia. Unga wa mawe unamwagwa juu, maji yanapita, dhahabu inanasa kwenye gunia. Kisha wanaikamata kwa zebaki, mikono mitupu, na zebaki inachomwa juu ya jiko la mkaa. Mara nyingi ni jiko lile lile linalopikiwa ugali wa watoto.

Nina kaunta buku moja ambayo haimo kwenye orodha ya vitabu vya wizara. Niliianza mwaka ambao wanawake watatu wa mwalo mmoja walinijia ndani ya miezi miwili, mmoja ana uvimbe kwenye titi, wawili wanatokwa damu ilhali walishakoma hedhi. Sikuandika majina. Niliandika namba, umri, miaka aliyokaa mwaloni, na alichonionyesha. Safu ya mwisho niliipa kichwa cha habari "Majibu". Safu hiyo ni nyeupe tangu ukurasa wa kwanza.

Mtu pekee aliyewahi kuisoma buku ile yote ni Daktari Bhumika. Ni mtoto wa duka la vitambaa la Shinyanga mjini, anaongea Kisukuma kunishinda, na kazi yake ni kupima vinyama vya wagonjwa kutafuta saratani huko Mwanza. Alikaa kwenye benchi langu saa nzima, chai ikapoa.

"Ni zebaki?" nilimuuliza.

"Sijui, Nesi. Hakuna anayejua. Ili tujue, lazima tuwapime wote, tuchukue vinyama, tulinganishe na vijiji visivyochimba. Hiyo ni kazi ya miaka mitatu, na lazima mtu ailipe."

Waliokuwa wamekubali kuilipia kazi hiyo walikuwa wafadhili wa nje. Wakakata fedha zao. Aliomba serikalini, akajibiwa kwa barua nzuri yenye mhuri kwamba utafiti wa saratani si kipaumbele kwa mwaka huu wa fedha. Niliisoma barua hiyo mara mbili nikitafuta pa kuikasirikia, nikakosa, maana ilikuwa na adabu kuliko mimi. Ndipo ikaja habari kwamba fungu la mgodi kwa kijiji chetu, safari hii, wananchi wenyewe watachagua lifanye nini. Daktari Bhumika alipiga hesabu akaniambia linatosha kuanza. Kila mwanamke wa mwaloni angepimwa, na atakayekutwa na ugonjwa angepelekwa Mwanza, nauli na matibabu juu ya utafiti.

Namba thelathini na mbili kwenye buku yangu ni Limi, mke wa mdogo wangu Ngassa. Alikuja siku ya kliniki ya watoto, akasubiri mpaka benchi likaisha watu, akafunga mlango mwenyewe. Alifungua blauzi bila kunitazama. Uvimbe ulikuwa titi la kushoto, mgumu, ukubwa wa ndimu, na ngozi ya juu yake ilikuwa imeanza kubonyea.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu mavuno."

Nilimwandikia rufaa hapo hapo. Aliikunja mara nne, akaificha kwenye mkunjo wa kitenge.

"Usimwambie Baba Mayala," akasema.

"Limi, huu si wa kufichwa."

"Mama yenu mdogo alipougua hivi, si walimtengea kikombe? Tena ukweni kwake mwenyewe. Na mwaloni wakisikia, nani atanipa gunia la kuosha? Watasema dhahabu inanikimbia." Akafunga vifungo vyake taratibu. "Huo utafiti wenu ukija, si mtatupima wote? Basi na mimi nitapimwa kama wote. Hapo hata yeye atajua bila mimi kumtamkia. Sitaweza kumtamkia, wifi."

Nikakubali. Siri za wanawake ndiyo kazi yangu, nimezitunza miaka kumi na tisa, na nilijiona hodari kwa hilo.

Wiki tatu kabla ya mkutano nilipita nyumba kwa nyumba. Nilikaa na wanawake mwaloni, nikachota nao maji, nikawaeleza. Walinielewa kuliko nilivyotegemea. Mia moja arobaini na sita waliniahidi, na wengi walishika mkono wangu kwa mikono miwili wakanishukuru, wabeja. Nilijua mikutano yetu huwa na watu mia nne wakizidi. Wanaume wangegawanyika kati ya lambo la kunyweshea ng'ombe na hilo jukwaa la mpira alilolishupalia mwenyekiti wetu Bujiku, mwenye mashine ya kusaga mawe. Nikikusanya wangu, na wengine wakavutwa na wenzao, tumeshinda.

Masudi, mtendaji wa kijiji, alinifuata zahanati. Ni kijana mpole, wa kutoka Tabora.

"Shikamoo, Nesi. Nimefikiria tutumie karatasi. Sanduku lipo."

"Marahaba. Sanduku lile lililolala kwa mwenyekiti mwaka juzi?"

Akacheka kwa aibu. Mwaka juzi tulichagua kamati ya maji kwa karatasi. Sanduku likalala kwa Bujiku, asubuhi likaamka na kura nyingi kuliko watu waliokuwepo.

"Wapange mstari," nikamwambia. "Anayetaka jambo asimame nyuma ya aliyelileta. Karatasi inaibika. Mtu aliyesimama juani huwezi kumwiba."

"Nesi, una hakika?"

"Andika kwamba nimependekeza mimi."

Aliandika. Lipo kwenye muhtasari, jina langu lote.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Tulisimama mbele watu watatu, tukiutazama umati. Bujiku kwa ajili ya jukwaa, mimi kwa ajili ya utafiti, na kwa ajili ya lambo wafugaji walimsimamisha Ngassa, mdogo wangu. Tulitaniana kidogo kabla ya kuanza. Aliniambia ng'ombe zake wakipata maji atanipa maziwa, nikamwambia akiugua nisimwone. Masudi akatangaza, watu wakaanza kusogea.

Wafugaji walijipanga upesi. Vijana wa bodaboda na wa mashimoni wakamwendea Bujiku wakiimba. Wanawake walikuwa wamekaa chini upande wa madarasa, na niliona wa kwanza wakiinuka na kujikung'uta vumbi. Mmoja alishapiga hatua kama tatu kuja kwangu. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti, bila hata ukali, kama mtu anayesaidia kuelekeza:

"Wanaojijua wana ugonjwa wapange kule."

Watu wakacheka. Yule mama akasimama pale pale alipofika. Akajifanya anatafuta kitu kwenye kanga yake, kisha akakata kushoto, akaenda mstari wa jukwaa. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, macho chini. Niliwaona wote. Namba nane, namba kumi na saba, namba ishirini na tano ambaye nilikuwa nimemsafisha kidonda juzi yake. Walinipita karibu kiasi cha kunigusa, wakajipanga nyuma ya Bujiku.

Nilielewa wakati huo nilichofanya. Miaka yote nilikuwa nikiwafungia mlango waniambie mambo haya kwa kunong'ona, na siku moja nikawaita wayaseme mbele ya waume zao, wakwe zao na wenye mwalo, kwa miguu yao. Niliwachukia kwa dakika nzima. Baadaye chuki hiyo ilihamia panapostahili.

Limi alikuwa amebaki amekaa peke yake. Aliinuka. Alikaza kitenge, akakatiza uwanja mzima bila haraka, mbele ya watu wote, akaja kusimama nyuma yangu. Alikuwa karibu mno, nasikia anavyopumua.

"Mama Mayala," Bujiku akaita, "umekosea mstari? Wa mumeo ni ule wa lambo."

Ngassa aligeuka akamtazama mkewe. Hakuwa anacheka. Nyuma yangu nilimsikia Limi akivuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kusema.

Nikamwahi.

"Mwacheni," nikasema kwa sauti kubwa. "Huyu ni wifi yangu, ananionea huruma tu nisisimame peke yangu."

Watu wakacheka tena, safari hii kicheko cha upole. Hata Bujiku alicheka. Ngassa akatikisa kichwa, akageukia mstari wake. Nilijisikia nimemwokoa Limi. Kusema kweli nilijisikia vizuri, katika siku ile mbaya, kwamba angalau siri yake imepona. Mkono wake ulinigusa mgongoni, ukakaa kidogo, ukaondoka.

Masudi alihesabu. Jukwaa mia mbili na kumi na moja. Lambo mia moja sabini na nne. Utafiti mmoja, maana mleta hoja hahesabiwi.

Daktari Bhumika nilimpigia simu jioni ile. Akaniambia nisijilaumu, kwamba hata kule juu, wanakokaa mezani kwenye viyoyozi, saratani haipati mtu wa kusimama nyuma yake. Nilimshukuru, ingawa maneno yale hayakunisaidia kitu. Sasa anafanya utafiti wa malaria, ambao bado una fedha.

Limi aliendelea kuosha mawe miezi mitano. Nilimsihi aende Mwanza, nikamwambia nitamchangia nauli, nimwombee kitanda. Kila mara alisema nitakwenda, wifi, ngoja tumalize palizi, ngoja Mayala afunge shule. Nilimwambia basi niache nimwambie Ngassa mimi. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Wewe ulishamwambia." Nilidhani amechoka tu. Mkono wake wa kushoto ulipovimba mpaka bangili ikakatwa kwa koleo, ndipo Ngassa alipouza ng'ombe wanne bila kuuliza mtu, akampeleka kwanza kwa mganga ng'ambo ya Bugarama, kisha Mwanza. Mwanza walimrudisha na dawa za maumivu. Tulimzika mwezi wa tano, mvua inanyesha, na ilibidi kina mama wapikie msiba chini ya paa jipya la jukwaa kwa sababu hapakuwa na pengine pakavu. Niligawa wali nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya tatu.

Wanawake wananijia bado. Wanapitia mlango wa nyuma. Karibu kila mmoja, akishavaa nguo zake, ananiambia jambo moja: Nesi, ingekuwa karatasi ningechagua utafiti. Nawaambia najua. Nimefika namba hamsini na moja.

Ngassa alikuja wiki mbili baada ya matanga kuondolewa. Alikuwa amenyoa, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza yangu, juu ya ile buku. Ilikuwa rufaa, kwa mwandiko wangu.

"Nimeikuta kwenye sanduku lake la nguo," akasema. "Hii tarehe ni kabla ya mkutano."

"Ndiyo."

"Alikuwa anajua."

"Alijua."

"Na wewe."

"Na mimi. Aliniomba nisikwambie, Ngassa. Alitaka kupimwa kama wote."

Nje watoto walikuwa wanalia sindano. Nilitaka anipigie kelele, nimezoea kelele, najua la kufanya nazo. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Siku ile shuleni nilimwona anakuja mstari wako. Moyo ulinilipuka, dada. Limi si mtu wa kupita mbele za watu. Nikajua kuna kitu. Nilishainua mguu niache mstari wa lambo nije nimuulize, hapo hapo, mbele yao wote."

Akaikunja karatasi vile ilivyokuwa, akaitia mfukoni.

"Ndipo uliposema anakuonea huruma. Nikarudisha mguu. Nilisema moyoni, huyu ndiye nesi, Limi angekuwa na tatizo angejua yeye."