Mstari wa Rula

Mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni tangu asubuhi, amevaa gauni lake la buluu la ibada, mikono mapajani. Magoti yalikuwa yanamsumbua, lakini alikataa kwenda kulala.

"Karani wa sensa hajafika kwetu?" akaniuliza.

"Amefika, mama. Karani si ndiye mimi? Nyumba yetu niliimaliza jana, fomu zimeshachukuliwa."

Baba alicheka, akaendelea na chai yake. Mama aliinuka taratibu, akishika mlango.

"Ungeniuliza tu," akasema, akaingia ndani kubadilisha gauni.

Sisi makarani tulikuwa na mtindo wetu. Unamuuliza mkuu wa kaya dini yake, unaandika namba yake kwenye safu, kisha unaweka rula na kuvuta mstari mpaka kwa mtoto wa mwisho, kwamba wote ni wa dini hiyo hiyo. Msimamizi alitukataza mara moja, halafu akaona kazi inavyokwenda mbio, akanyamaza. Nyumbani kwetu hata sikuuliza; kinyozi hajinyoi. Niliandika namba ya dini ya baba, na mstari ukampitia mama.

Dini yake, ya wazazi wake, ilikuwa namba kumi na saba, ya mwisho kwenye orodha. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba dini itakayokosa watu mia moja itanyang'anywa makaburi yake. Bibi yangu, mama yake mama, alizikwa pale, na dada yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Miezi miwili mama alizunguka mitaani kwa magoti yale yale, akiwabembeleza wenzake: mkiulizwa, msione haya, semeni. Mimi nilijua yote hayo. Nilijua, nikavuta mstari, kwa sababu mkono ulishazoea.

Ningeweza kwenda kwa msimamizi siku ile ile. Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Huo ndio ukweli, na haunipendezi.

Matokeo yalipotoka, namba kumi na saba ilikuwa na watu arobaini na mmoja. Sijui ni wangapi waliopotea chini ya rula yangu. Makaburi yalisawazishwa, pakawa maegesho ya magari. Mama hakunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu. Alipofariki tulimzika upande wa baba, kwa sala ambazo hakuwahi kuzisali.

Mwaka huu, sensa ilipokuja tena, karani alikuwa binti mpole mwenye kishikwambi. Mke wangu alikuwa uani akianika nguo. Binti aliponiuliza dini, nikaitaja ya mama, ingawa sikuwahi kusali huko. Alitafuta, akatafuta tena.

"Haipo, mzee. Orodha inaishia kumi na sita. Nikuandike 'nyingineyo'?"

"Andika."

Akabonyeza mara moja, kisha mara ya pili.

"Mke wangu yupo uani," nikamwambia. "Tafadhali, kamuulize mwenyewe."

"Usijali, mzee," akasema, akiinuka. "Nimeshajaza."